Mji Uliotulia

Jamaa zetu wa Geita na Kahama wakitaka kututania husema Shinyanga imetulia. Haya. Kwao karasha hunguruma usiku kucha na kila jirani ana duara lake la dhahabu. Sisi tuna michembe, vumbi, na mabasi ya Mwanza yanayotupita kama mdaiwa anayekwepa duka.

Ila mwaka 1947 Mwadui, jirani zetu hapa, ilitoa almasi ya waridi ya karati 54.5. Dk. Williamson, mwenye mgodi, akamzawadia Bintimfalme Elizabeth kwa harusi yake. Ikachongwa, ikawa pambo la kifuani, ikahudhuria dhifa nyingi London. Sisi wachangiaji wakuu kadi ya mwaliko hatujaiona, wala hatuiulizii. Tukiulizia, mtasema tumeanza makelele.