Mvumbuzi wa Katoni

Walimu wa siku hizi wanaamini wazee hatuna shughuli usiku. Ndiyo maana ujumbe wa kazi ya nyumbani huingia kwenye simu saa mbili, duka limeshafungwa, jiko la makaa limeshika na ukungu wa Sachangwan umefika mlangoni. Wiki jana ulikuja hivi: kila mwanafunzi alete kesho kielelezo cha mvumbuzi wa kale, kilichotengenezwa kwa vifaa vinavyopatikana katika mazingira. Mazingira maana yake ni duka langu.

Sisi enzi zetu hatukutengeneza mtu yeyote. Tuliimbishwa tu: Rebmann, Kilimanjaro, 1848, Krapf, Mlima Kenya, 1849. Ukisahau, kiboko. Hakuna aliyetuambia kwamba Krapf aliuona mlima ule akiwa Kitui, mgeni wa Kivoi, mfanyabiashara Mkamba ambaye misafara yake ilikuwa imezoea kushuka pwani na pembe za ndovu. Nasi hatukuuliza. Tulitaja mwaka, tukapigiwa alama ya vyema, tukaenda kucheza. Mzazi hakununua hata gundi.

Mjukuu wangu yuko Gredi ya Tano na ana ugonjwa wa maswali. Nilimchagulia Joseph Thomson kwa kuwa alipita huku kwetu Bonde la Ufa, na kwa kuwa kofia yake ni rahisi kukata. Nikamweleza huku makasi yakitembea: kijana wa Uskoti, miaka 25, alitoka Mombasa Machi 1883, akavuka Umaasai hadi Naivasha na Baringo, akafika mpaka ufuo wa Ziwa Victoria. Katoni ya sabuni ikaota miguu.

"Guka, nani alikuwa anamwonyesha njia?"

"Alikuwa na ramani."

"Si umesema alikuja kuichora?"

Shosho wake akacheka kule jikoni, na mimi nikaweka makasi chini. Basi ikabidi historia itoke yote. Thomson alipoingia Umaasai mara ya kwanza aliona hatari, akarudi nyuma. Safari ya pili alijiunga Taveta na msafara wa Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa pembe kutoka Pangani aliyekuwa ameizoea nchi ile miaka na miaka. Nyuma yao walikuwa wapagazi, wa Thomson peke yake zaidi ya 100, na mizigo kichwani. Kusema kweli, katika msafara mzima, aliyeijua njia kidogo kuliko wote ndiye tuliyeimbishwa jina lake.

Nikafanya kosa la biashara: nikamtajia Eno. Thomson alijifanya mganga mkuu mbele ya Wamaasai kwa kutia Eno kwenye maji ili yachemke bila moto, kisha akawang'olea meno yake mawili ya bandia na kuyarudisha. Mtoto akatazama juu ya rafu, pale pakiti zinaponing'inia karibu na dawa ya mbu.

"Hii hii yetu?"

Kabla sijajibu alishachana moja na kuimimina kwenye glasi. Povu likapanda, likafurika, likashuka juu ya karatasi ya manila ambako alikuwa ameshachora Ziwa Naivasha kwa wino wa buluu. Ziwa likafika Gilgil. Yeye akanikazia macho, anangoja nimwogope. Alipogeuka kuomba meno ya shosho, shosho alikataa katakata na kufunga mlango wa chumbani.

Tulilala usiku wa manane. Wapagazi ni njiti za kiberiti, kila mmoja na punje ya mahindi kichwani. Kimameta yuko mbele, amekatwa kwa kipande kikubwa kuliko cha Thomson. Sikuagiza mimi.

Asubuhi, tukingoja pikipiki, dereva wa trela aliingia dukani kutafuta nusu mkate. Akakitazama kile kielelezo, akauliza huyu wa kofia ni nani. Mtoto akamweleza, akamwambia pia kwamba maporomoko ya Nyahururu yaliitwa Thomson's Falls kwa heshima ya baba yake Thomson, ambaye alikuwa kwao Uskoti, na kwamba Nyandarua iliitwa Aberdare kwa sababu ya bwana mkubwa wa Shirika la Kijiografia la London.

"Mimi napandisha mzigo wa Kampala hapa tangu ujana," dereva akasema, "na hakuna hata kona iliyopewa jina la mzee wangu."

Turnboi wake, ambaye kazi yake ni kushuka kwenye baridi hii kuweka mawe chini ya gurudumu, alisema kona yake yeye wasimpe, watoe pesa.

Jioni kielelezo kikarudi na alama: Anakaribia Matarajio. Maelezo ya chini: mvumbuzi haonekani vizuri, watu wengine ni wengi mno. Hapo ndipo nilipochemka bila Eno. Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani angali mtoto, alikuwa na Burton na Speke, akaenda na Stanley kumtafuta Livingstone, akavuka bara na Cameron. Shirika lile lile la London lilimpa nishani ya fedha na pensheni. Mabwana wale wa masharubu, waliojipenda kupita kiasi, walimwona mtu nyuma ya mzungu. Leo, Molo nzima ina walimu wenye shahada, na njiti zangu za kiberiti zinaambiwa ni nyingi mno!

Nilitaka kwenda shuleni kujieleza. Shosho akaniuliza nitakwenda kama mzazi au kama mwanafunzi aliyepewa alama mbaya. Nikabaki dukani.

Juzi simu imelia tena, saa zile zile. Ijumaa ni zamu ya Vasco da Gama, walete jahazi. Jahazi, Sachangwan! Mtoto ameshaanza kuuliza rubani aliyemchukua Malindi mwaka 1498 kumpeleka India atakaa upande gani. Katoni ya sabuni imekwisha. Iliyobaki ni ya mafuta ya kupikia, bado imejaa, na siipakui kwa ajili ya Mreno.