Gramu Moja ya Ujanja

Friedrichshafen, Ujerumani, ndiko Zeppelin ya kwanza ilikoruka Julai 1900, juu ya ziwa. Siku hizi mji huo huo huandaa maonyesho ya ndege za mfano, na ukiingia ukumbini utadhani ni sikukuu ya watoto, ila watoto wenyewe wana mvi na vitambi. Baba mzima anapapasa bawa la jeti ndogo yenye injini ya kweli, inayokunywa mafuta ya taa kama mlevi wa mwisho wa mwezi. Bei anaiuliza kwa kunong'ona; mkewe yuko karibu.

Upande wa droni kuna ibada nyingine: gramu 249. Umoja wa Ulaya umeweka mpaka kwenye 250, nao watengenezaji wakapunguza gramu moja, ya ujanja. Mnunuzi anatoka kifua mbele, eti kaikwepa sheria. Muuzaji, mwenye haraka zake, hakumkumbusha kwamba droni yenye kamera humlazimu mwenyewe kujisajili, hata iwe chini ya mpaka huo. Na ya kwake ina kamera.

Haya bwana, kajisajili.