Theluji na Kanga ya Shangazi

Mjomba, Shangazi na wote mliopo barazani Tanga,

Sisi huku Vermont tu wazima, ukiacha masikio, ambayo siku hizi siyasikii kabisa.

Mliniuliza kazi yangu ni nini hasa. Ni msaidizi wa mwalimu wa darasa la pili, maana yake nafunga zipu. Mtoto mmoja wa huku ana suruali ya theluji juu ya suruali, mabuti, glavu, skafu na kofia mpaka puani. Ukishamaliza kumfunga kote, ndipo anapokumbuka kwamba anataka kujisaidia.

Juzi tulitolewa nje, baridi nyuzi 15 chini ya sifuri, kwenda kuangalia theluji. Si kuizoa, mjomba. Kuiangalia, chembe moja moja! Mwalimu alikuwa na furaha ya mtu aliyepata mjukuu, kwa sababu baridi ya kiasi hicho ndiyo inayozaa nyota zenye matawi. Ikipungua ikafika kama nyuzi 5 chini ya sifuri, huanguka vijiti vyembamba tu.

Karatasi nyeusi za manila zilikuwa zimewekwa nje mapema zipoe, maana theluji ikitua kwenye karatasi yenye joto la ndani, inayeyuka kabla hujainama. Kila mtoto akapewa lenzi na amri moja: usiipumulie. Darasa zima likabana pumzi. Mimi nimesoma madrasa kwa maalim mwenye bakora, na ukimya ule sikuwahi kuusikia.

Nami nikainama. Kulikuwa na kibapa kidogo chenye pembe sita, kila pembe imetoa tawi, kila tawi vijitawi, kushoto na kulia sawasawa. Nisiwadanganye lakini: nyingi zilikuwa vibogoyo, zimevunjika na kugandana. Zile za kwenye kadi ni za kuchaguliwa.

Mchaguzi mkuu alitoka jirani hapa, kijiji cha Jericho. Wilson Bentley, mkulima, mama yake alimpa hadubini, naye mwaka 1885 akaiunganisha na kamera akapata picha ya fuwele moja ya theluji. Akaendelea mpaka picha zikapita 5,000. Baba yake aliona ni upuuzi, na hapo namwelewa mzee: ng'ombe wanasubiri kukamuliwa, kijana yuko bandani anapiga picha mvua iliyoganda. Bentley alifariki mwaka 1931 kwa nimonia, baada ya kutembea kwenye tufani ya theluji.

Kwa nini pembe sita? Mwalimu aliwashikisha watoto sita mikono wakafanya duara: maji yakiganda, molekuli zake hujipanga hivyo, sita sita, na fuwele hukua kwa kufuata mpango huo. Kisha tukakata karatasi. Hapo ndipo penye vita. Ukikunja nusu, tena nusu, tena nusu, unapata pembe nane, na pembe nane si theluji. Lazima ukunje nusu, halafu sehemu tatu. Sasa binti yangu, aliye darasani humo, hapiti dukani kwa amani. Anasimama mbele ya mapambo ya Krismasi, anahesabu kwa sauti, halafu anamwita meneja.

Kazi ya nyumbani ilikuwa kuleta kitu chenye ulinganifu. Akabeba kanga yako, Shangazi. Wakaikunja: pindo kwa pindo, mji kwa mji, kila kitu kikakubaliana mpaka kwenye jina. Chini kuna maandishi, juu hakuna kitu. Mtoto mmoja akasema kanga ina kasoro. Binti yangu akamjibu kwamba hiyo si kasoro, hapo ndipo bibi anapozungumza na jirani.

Mwalimu ameipenda, anaomba doti moja aitundike darasani. Shangazi, nakuomba uchague jina la heshima. Ile ya kumsema wifi ibaki hukohuko.