Simu Imejaa: Vya Kufagia, Kuanzia Saba Kushuka

Simu haisemi "hifadhi imejaa" siku ya kawaida. Husubiri bibi harusi ashike kisu cha keki, wewe umeinua mkono juu ya vichwa vya watu. Basi kabla hujakimbilia Kariakoo kutafuta kadi ya memori, fagia. Tunaanza na uchafu mwepesi, tumalize na ule unaovunja udugu.

7. Programu ya tochi. Simu ilikuja na tochi yake. Hii nyingine, yenye matangazo, iliyokuomba ruhusa ya kusoma majina ya watu wako, ilitaka kumulika nini? Futa.

6. Waridi za asubuhi. Shangazi hutuma ua, kikombe cha chai na dua, kila alfajiri, na simu huzipakua zote bila kukuuliza. Ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp, zima upakuaji wa moja kwa moja. Shangazi ataona tiki zake za buluu kama kawaida, waridi litabaki ukungu, na bando lako litapumua.

5. Skrinshoti. Hapa pana tokeni ya Luku ya mwaka juzi, tarakimu 20 zilizokwisha kuingia kwenye mita na umeme wenyewe ukaisha. Pana na ugomvi wa wifi, umeuhifadhi kama ushahidi. Kesi ipi, hakimu nani? Ukishafuta, kumbuka kumwaga na pipa: kwenye Google Photos picha iliyohifadhiwa kwenye akaunti hukaa humo siku 60. Wengi hufuta, wakaona nafasi haijarudi, wakailaani simu.

4. "Ile hela tuma kwenye namba hii." Hukuwa na hela yoyote ya kumtumia mtu, lakini ujumbe umeutunza. Kabla ya kufuta, itume namba ya huyo tapeli kwenda 15040. Ukiwa hapohapo piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Usije ukakuta tapeli ni wewe. SMS za miamala nazo zipunguze, ila ile ya fundi aliyeapa kwamba pesa haijamfikia, iache.

3. Majina. Fundi Bomba. Fundi Bomba Mpya. Fundi Bomba Usipokee. Huyu wa tatu ndiye wa pili, baada ya kuchukua advansi.

Utasema majina hayajazi simu, na ni kweli, yote kwa pamoja hayafikii uzito wa video moja. Lakini usipobadilisha mipangilio, kila uliyemhifadhi naye akakuhifadhi anaona stetasi yako kwa saa 24. Mwenye nyumba anayekudai kodi amekuona ulivyokula pweza Forodhani. Na ameipenda picha.

2. Video yenye mishale miwili. Mishale hiyo maana yake imeshasambazwa mara tano au zaidi kabla ya kukufikia, yaani wewe ndiye wa mwisho kujua kwamba tangawizi inatibu kila kitu. Tangu Aprili 2020, WhatsApp inakuruhusu kuipeleka sehemu moja tu kwa wakati. Baba mdogo hakukata tamaa, anazipeleka moja moja. Nenda Mipangilio, Hifadhi na data, Dhibiti hifadhi: zimekusanywa pale pamoja na zote zinazozidi MB 5, zikisubiri ufagio. Hapa ndipo utakapopata nafasi ya keki.

1. Magrupu. Wana wa Darasa la Saba. Wazazi wa Chekechea (mtoto yuko sekondari). Wapangaji wa Zamani. Na Kamati ya Harusi, ambayo wenyewe wameshapata watoto wawili na grupu bado linauza vitenge.

Grupu moja linaweza kubeba watu 1,024, na hakuna hata mmoja anayethubutu kulefti. Ukitoka utaambiwa unajisikia. Tangu 2022 unaweza kutoka kimyakimya, taarifa ikawafikia maadmini peke yao. Lakini orodha ya waliotoka hukaa wazi siku 60, na katika kila ukoo yupo mtu ambaye kazi yake ni kuichungulia. Waoga wenzangu tuna njia ya katikati: weka grupu kwenye kumbukumbu. Halitapanda tena juu hata wakiongea usiku kucha, na jina lako litabaki kwenye orodha, limetulia kama mjumbe mwaminifu. Kisha zima upakuaji, na zile nafasi tatu za kubandika juu wape wanaokupigia hata wasipokuwa na shida.

Kamati ya Harusi tu ndiyo usiiguse. Ahadi yako ya mchango hujaimaliza, na admini ndiye mweka hazina.