Hongereni kwa mnada wa mvuvi mmoja

Barua ya wazi kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati ya Cyprus

Waheshimiwa,

Huku Unguja tumesikia kwamba tarehe 1 Oktoba 2025 mlifungua rasmi soko la ushindani la umeme wa jumla. Hongereni sana. Mliingia Umoja wa Ulaya Mei 2004, umoja unaotaka umeme uuzwe kwa ushindani, na mkachukua miaka 21 tu. Hatuwacheki. Kisiwani kila kitu huja na meli, hata mageuzi.

Nilijaribu kumweleza soko lenu jirani yangu mchuuzi wa samaki, maana mnada yeye anaujua kuliko mimi. Nikamwambia: kule Cyprus kila mwenye mtambo hutaja leo bei ya umeme atakaouza kesho. Dalali huzipanga bei kutoka ya chini kwenda juu, hununua mpaka mahitaji yatimie, kisha wote waliouza hulipwa bei ya yule wa mwisho.

"Yaani mwenye dagaa alipwe bei ya nguru?"

Ndiyo, nikasema, na wachumi wana sababu yao: mwenye dagaa akijua atalipwa hivyo, hana haja ya kuficha gharama yake, na faida anayopata itawavuta wengine walete dagaa zaidi. Akanyamaza kidogo, akauliza swali moja tu: "Na mashua ni za nani?"

Waheshimiwa, hapo ndipo nilipokwama. Vituo vikubwa vitatu, Vasilikos, Dhekelia na Moni, vyote ni vya Mamlaka ya Umeme ya Cyprus. Wenye sola wapo, tena wengi, lakini jua likizama wanafunga vibanda vyao, na mnadani anabaki mvuvi mmoja karibu peke yake. "Huyo," akasema jirani, "mashua moja aiache nangani, aseme injini mbovu. Mtanunua nguru kwa bei ya dhahabu." Hajasoma uchumi. Hajui kwamba California, mwaka 2000 na 2001, wapo wenye mitambo waliofanya hivyohivyo mpaka watu wakazimiwa taa kwa zamu. Na California si kisiwa. Ina nyaya za kuvuta umeme wa majimbo jirani.

Bila shaka mtanijibu kwamba mkubwa huyo mnamkagua na bei zake mnazichungulia. Vizuri kabisa. Lakini bei ya muuzaji mkuu ikichunguliwa na mdhibiti kila siku, sisi huku huiita bei elekezi, na kuitangaza kunahitaji ubao na chaki tu. Zaidi ya hapo, mitambo yenu huchoma mafuta ya kuagiza, kwa kuwa gesi mliyojiahidi haijafika. Mashindano gani haya, ambayo jua likizama kila mshindani aliyebaki mafuta yake hushuka kwenye meli?

Kuna jambo jingine ambalo mnada hauliulizi. Ulaya bara, mtambo mmoja ukizimika, majirani hubeba mzigo kabla mwenye nyumba hajapepesa macho. Ninyi hamjaunganishwa na nchi nyingine yoyote ya Umoja wenu. Waya wa kwenda Crete bado ni mazungumzo. Kwenye gridi ya namna hiyo mtambo mmoja ni fungu kubwa la umeme wote, kwa hiyo lazima mwingine uwe unazunguka tayari, ukichoma mafuta na kuuza kidogo au bila kuuza kabisa, ukingoja mwenzake aanguke. Soko linalolipa anayeuza litamlipaje anayengoja?

Hapa mzaha nauweka kando. Tarehe 11 Julai 2011 makontena ya baruti yaliyoachwa juani huko kwenu Mari yalilipuka, watu 13 wakafa, na kituo cha jirani cha Vasilikos kikaharibika. Asubuhi moja ilichukua karibu nusu ya uwezo wenu wa kuzalisha umeme. Sisi tunawaelewa. Umeme uliokuwa ukitufikia kwa waya wa chini ya bahari, waya wa mwaka 1980, ulikatika Mei 2008 tukakaa gizani karibu mwezi. Ukakatika tena Desemba 2009, tukakaa miezi mitatu. Pampu za maji zikasimama. Soko huria tukalipata bila mshauri: jenereta ikinguruma kwenye kila baraza, kila mtu mzalishaji, mdhibiti hakuna, na jirani yangu akitupa samaki waliooza kwa kukosa barafu.

Kilichotupunguzia hofu ya giza hilo hakikuwa mnada. Kwanza zililetwa jenereta 32 za dizeli pale Mtoni, kisha mwaka 2013 ukazinduliwa waya mpya wa megawati 100 kwa fedha za Wamarekani. Kuna watu waliokaa, wakahesabu, wakaagiza. Waya huo nao ni mmoja, lakini hiyo ni barua ya siku nyingine.

Ombi letu ni dogo. Kabla washauri hawajatuletea muundo wenu ukiwa umefungwa utepe, tuambieni kama isingekuwa nafuu kuwashindanisha wajenzi: zabuni ya sola na betri, bahasha zifunguliwe hadharani, mwenye bei ya chini apewe mkataba wa miaka 20, na mtambo uwashwe kwa gharama iliyokaguliwa, si kwa bei aliyoota mwenyewe usiku.

Na mwaka wa kwanza wa soko ukitimia, tunaomba mtangaze takwimu moja, bila maelezo marefu: ni saa ngapi ambapo bei ya kisiwa kizima ilipangwa na muuzaji mmoja. Jirani anaisubiri.

Wenu,
Mnunuzi wa umeme wa Tukuza, Unguja