Sifa za Siku ya Maadhimisho

Katika orodha ndefu ya watumishi wa dola, hakuna aliyefanya kazi nyingi na kusifiwa kidogo kama siku ya maadhimisho, yaani tarehe ambayo serikali, au jumuiya ya serikali, imeitenga rasmi ili mtu, tukio au jambo fulani likumbukwe kila mwaka. Mtumishi huyu hagomi, hazeeki, haombi uhamisho wala hadai malimbikizo ya mshahara. Akipewa majukumu matatu kwa mpigo huyabeba yote, na akivuliwa cheo leo hupokea kingine kesho bila kukata rufaa. Wanaomlaumu kwa kufunga benki na kuwatoa wanafunzi darasani wakasimame juani hawajamtendea haki, na dhuluma hiyo yafaa isahihishwe kwa mifano iliyo jirani na Guta, kata ya Wilaya ya Bunda iliyo kando ya Ghuba ya Speke, ambako mtu anayetaka kuziona kazi za siku zilizotangazwa hana haja ya kwenda mbali.

Nasaba ya mtumishi huyu ina matabaka. Wa tabaka la juu ni siku ya mapumziko, ambayo nchini Tanzania hupata heshima yake kutoka katika Sheria ya Siku za Mapumziko, Sura ya 35 ya Sheria za nchi, na ambayo humpa mwajiriwa anayefanya kazi siku hiyo haki ya kulipwa mara mbili ya mshahara wa msingi, kwa mujibu wa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Rais aweza kuongeza nyingine kwa tangazo, kama Rais Samia Suluhu Hassan alivyoitangaza tarehe 23 Agosti 2022 kuwa ya mapumziko ili watu wakae nyumbani wahesabiwe katika sensa. Wa tabaka la chini ni siku ya maadhimisho matupu, kwa mfano Siku ya Mashujaa, 25 Julai, ambapo viongozi huweka mkuki, ngao na mashada ya maua mnarani huku makarani maofisini wakiendelea kugonga mihuri. Mvuvi wa Guta hasumbuliwi na tofauti hii, kwa kuwa hana mshahara wa msingi wa kuzidishwa mara mbili, na wavu wake haujapata kusikia habari za Sura ya 35.

Kaskazini mwa Guta iko Butiama, ambako Julius Nyerere, Rais wa kwanza wa Tanzania, alizaliwa tarehe 13 Aprili 1922 na ambako alizikwa baada ya kufariki London tarehe 14 Oktoba 1999. Kati ya tarehe iliyotokea Butiama na ile iliyotokea ng'ambo, dola ilichagua ya ng'ambo iwe ya kumkumbuka, kama ilivyomkumbuka Abeid Amani Karume, Rais wa kwanza wa Zanzibar, kwa tarehe 7 Aprili, siku aliyouawa mwaka 1972. Uchaguzi huu una busara ambayo haijasifiwa vya kutosha, maana marehemu hawezi kuhudhuria sherehe yake na kutoa hotuba isiyotarajiwa. Kenya ilijaribu njia nyingine kwa kumpa Rais Daniel arap Moi, akiwa hai na madarakani, tarehe 10 Oktoba. Katiba ya mwaka 2010 ikaiacha nje ya orodha ya siku za kitaifa, Mahakama Kuu mwaka 2017 ikaamua kwamba bado ni siku ya mapumziko kisheria, kisha ikabatizwa Siku ya Utamaduni, na tangu mwaka 2024 inaitwa Siku ya Mazingira. Raia waliopumzika siku hiyo kwa heshima ya mtu wamekuja kupumzika kwa heshima ya utamaduni na hatimaye kwa heshima ya miti, wala usingizi wao wa asubuhi haukuonyesha dalili ya kubadilika.

Ila bingwa wa unyenyekevu ni tarehe 7 Julai, maarufu kama Saba Saba. Ilianza kazi mwaka 1954 chama cha TANU kilipozaliwa. Baada ya uhuru ikabebeshwa wakulima, halafu maonyesho ya biashara ya Dar es Salaam, na mfumo wa vyama vingi uliporudi, kuzaliwa kwa chama kimoja hakukuweza tena kuwa sababu ya taifa zima kupumzika, hivyo biashara ikabaki na tarehe huku wakulima wakihamishiwa Nane Nane, tarehe 8 Agosti, ambayo huwapeleka wakulima wa Mara mpaka viwanja vya Nyakabindi, Bariadi, wakaone mihogo iliyo mikubwa kuliko yao. Mnamo Novemba 2021 UNESCO ikaiongezea Saba Saba mzigo wa Siku ya Kiswahili Duniani, na Julai 2024 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likaukubali. Hakuna afisa wa serikali ambaye angekaimu nafasi zote hizo bila kuandika barua ya kudai posho ya madaraka.

Mto Mara nao umepewa siku yake. Mto huu hutoka katika msitu wa Mau nchini Kenya, hupita Maasai Mara na Serengeti, na baada ya safari ya kilomita zipatazo 395 humwaga maji yake katika Ziwa Victoria karibu na Musoma kupitia kinamasi kikubwa. Mwaka 2012 Baraza la Mawaziri la Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria, chombo cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, lilikutana Kigali, mji usiopitiwa na hata tone moja la mto huo, likaamua kwamba tarehe 15 Septemba iwe Siku ya Mara, iadhimishwe kwa zamu Kenya na Tanzania, kwa kuwa wakati huo nyumbu huwa katika pilikapilika za kuuvuka. Nyumbu hawakushirikishwa, lakini hufika kila mwaka, tena bila nauli wala posho. Machi 2022 maji ya mto yalipogeuka meusi na samaki wakaelea wamekufa, na kamati iliyoundwa ikataja kinyesi na mkojo wa ng'ombe miongoni mwa sababu, kosa lilikuwa la mto wenyewe, ambao ulichafuka miezi sita kabla ya tarehe yake. Hata hivyo, mkosoaji mwadilifu atakiri kwamba bila siku hiyo maafisa wa pande mbili za mpaka wangekuwa na sababu chache za kukaa meza moja, na katika mambo ya maji hilo si dogo.

Adhimisho lenyewe, likitazamwa kwa karibu, lina viungo visivyobadilika. Panahitajika turubai, viti vya plastiki, spika inayokoroma, kikundi cha ngoma, na kaulimbiu, yaani sentensi ya mwaka inayochapwa kwenye fulana. Panahitajika mgeni rasmi, ambaye kwa kawaida huwa amemwakilisha mkubwa aliyemwakilisha mkubwa zaidi, na ambaye huchelewa kwa kiasi kinacholingana na cheo cha yule asiyekuja. Husomewa risala, maelezo ya maandishi yanayoanza na mafanikio, yakaingia kwenye changamoto na kuishia kwenye maombi. Naye hujibu kwamba ameyapokea. Fulana hudumu kuliko majibu, kwa sababu huvaliwa shambani na mtumbwini mpaka kaulimbiu ifutike.

Adui zake husema siku hizi ni ghali, kumbe nazo zinajua kuchuma. Mwaka 2015 Rais John Magufuli alifuta sherehe za Uhuru za tarehe 9 Desemba, akaagiza watu wafanye usafi, na shilingi bilioni 4 zikaenda kupanua barabara ya Morocco hadi Mwenge. Mwaka 2022 fedha za sherehe hizo zilielekezwa kwenye mabweni ya wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Ni mtumishi gani mwingine ambaye tija yake huonekana zaidi siku asipofika kazini?

Guta yenyewe ina mapumziko ya zamani ambayo hayajapita katika Gazeti la Serikali. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa haina nguvu mbele ya mbalamwezi, hivyo mwezi ukiwa mpevu mitumbwi hubaki ufukweni, nyavu hushonwa, na wavuvi hulala usiku kama watu wengine. Kwa utawala mapumziko haya yana kasoro kubwa, kwani hayana kaulimbiu wala bajeti, na hurudi kila mwezi bila kibali. Yakitakiwa kurasimishwa, muhtasari wa mkutano wa wananchi utapanda Kamati ya Maendeleo ya Kata, halmashauri, mkoa na wizara, kisha kazi ya kutafuta tarehe iliyo wazi ianze. Tarehe 5 Juni Umoja wa Mataifa umeshawabananisha Mazingira na vita dhidi ya uvuvi haramu. 19 Novemba ina choo, kilichopata siku yake mwaka 2013 kwa pendekezo la Singapore. Mhasibu mbahili angependekeza 29 Februari, ambayo ingelipiwa posho mara moja tu kila miaka minne, lakini nayo ilichukuliwa mwaka 2008 na watetezi wa wenye magonjwa adimu, ambao katika miaka mifupi hurudi nyuma na kuichukua tarehe 28 pia.