Shikamoo Kabla ya Kadi

Sheria za mpira wa miguu ziko 17, na nimezikariri zote. Hakuna hata moja inayosema mwamuzi afanye nini akimkuta shemeji yake kwenye kikosi cha kwanza. Bodi inayozisimamia ipo tangu mwaka 1886, kwa hiyo muda wa kuwafikiria mashemeji wameupata.

Kwenye kozi mkufunzi alitwambia kadi ni dawa ya mwisho. Unaanza na jicho. Jicho likishindwa, filimbi: faulo ndogo mlio mfupi, faulo ya kuvunja mguu mlio mrefu wa kushtua hata bodaboda waliopaki barabarani. Filimbi ikishindwa, maneno mawili matatu ya chinichini, kiutu uzima. Vizuri kabisa. Halafu nikapangiwa mechi za Mkuyuni, mtaani kwangu hapa Mwanza, ambako jicho langu linajulikana kuwa ni jicho la mtu anayedaiwa sukari dukani.

Chukua maveterani. Watu hudhani mechi zao ni nyepesi kwa sababu ya vitambi. Mzee mmoja, beki, rika la baba yangu, alimpiga mtama winga wa watu mbele ya macho yangu. Njano ya wazi. Nikamfuata mkono ukiwa mfukoni, ila kwa kuwa nimelelewa, mdomo ukatangulia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mama hajambo?"

"Hajambo."

"Na goti lake?"

"Linaendelea vizuri."

"Haya, msalimie sana." Akaenda zake kupanga ukuta.

Baada ya hapo nani ana nguvu ya kunyanyua kadi? Ken Aston, yule Mwingereza aliyebuni kadi kwa kuangalia taa za barabarani jijini London, zikaanza kutumika kwenye Kombe la Dunia la Mexico mwaka 1970, tatizo alilokuwa nalo ni wachezaji na waamuzi kutoelewana lugha. Tatizo langu mimi ni kwamba tunaelewana mno.

Vijana hawana shikamoo nyingi, lakini wana jezi. Namba 7 analimwa njano kipindi cha kwanza. Kipindi cha pili namba 7 ni mtu mwingine, mrefu, ana ndevu, anaapa kwa Mungu kwamba hajawahi kuonywa. Na kweli hajawahi. Jezi ndiyo iliyoonywa. Na sasa tunaambiwa nahodha peke yake ndiye asogee kumuuliza mwamuzi. Kwenye mashindano ya mataifa ya Ulaya mwaka 2024, kule Ujerumani, waliufuata utaratibu huo. Mimi nilipouliza nahodha ni nani, ilinyanyuka mikono karibu nusu ya timu, ukiwemo wa mwenye mpira, ambaye siku hiyo hata hakuvaa jezi.

Kuna suala la lugha. Golikipa mmoja ni mtani wangu, Mzaramo aliyehamia huku kufuata biashara ya dagaa. Nikipuliza tu penalti, anapaza sauti hadi wale mashabiki waliokaa juu ya mawe wanasikia: "Refa mla michembe!" Sheria ya 12 inasema lugha ya kuudhi, ya matusi au ya kudhalilisha ni nyekundu. Sasa hili ni tusi, ni utani, au ni taarifa? Maana michembe, viazi vyetu vitamu vya kukaushwa, nakula, na asubuhi ile nilikuwa nimetoka kuila, ya karanga. Tena mtani si mtu wa kumlima kadi kijinga. Siku ya msiba wa kwenu atajilaza kaburini, na hatoki mpaka mumlipe.

Tangu mwaka 2019 sheria inaruhusu hata kocha aonyeshwe kadi. Nikaitumia. Kocha mwenyewe ni muuza samaki wangu, mtu mwaminifu, na kupaa magamba anajua. Tangu siku hiyo kila nikifika mezani kwake sato wameisha. Nawaona pale wamepangwa, wanang'aa, mmoja bado anachezesha mkia, lakini wameisha. Kitoweo nakifuata Butimba, na nauli nalipa mwenyewe. Posho ya mechi haijui habari hizo.

Huwa najipa moyo kwa Jonesia Rukyaa, mwamuzi wa Kagera, mtu wa ziwa hilihili. Februari 2016 alichezesha Simba na Yanga pale Uwanja wa Taifa, na beki wa Simba akala njano mbili, akatoka hata mapumziko hayajafika. Namvulia kofia. Ila sidhani kama kesho yake alilazimika kwenda kununua vitunguu kwa ndugu zake yule beki.

Na nyekundu ndiyo balaa kabisa. Juzi juzi nilimtoa mshambuliaji mmoja kwa kumpiga mwenzake kiwiko cha uso, na haikuwa na ubishi, hata watu wake waliangalia pembeni. Alitoka taratibu, akipeana mikono na kila mtu kama anayeaga kwenda Ulaya. Nikaandika ripoti, kamati ya mashindano ikamfungia. Haikupita wiki, nikasikia hodi mlangoni jioni. Ni yeye, na soda ya baridi mkononi.

"Kaka, shikamoo. Mtaa mzima wanasema mwenye mwandiko hapa ni wewe. Naomba uniandikie barua ya kukata rufaa."

Nikamkaribisha, nikatafuta kalamu. Nikamuuliza, kwenye sababu za rufaa tuweke nini?

Akaifungua soda kwa meno, akanisogezea.

"Hapo wala usiumize kichwa, kaka. Mtupie tu refa."